Michembe na Maji Yake

"Michembe hupimwa na maji yake."

Bibi Holo aliyasema maneno hayo akipita tu, ungo mkononi, akielekea jikoni. Sebuleni mjukuu wake na wenzake wa chuo walikuwa wamemwaga vitu sakafuni wakijiandaa kupanda mlima: mikoba mikubwa ya mgongoni, masweta, na pakiti za vyakula vikavu walizokuwa wakizinyanyua moja moja na kuzishindanisha kwa wepesi. Aliyeshika pakiti ya wali mkavu akamwita arudi. Wakamuuliza michembe inahusiana vipi na safari yao, na nani aliyeyasema maneno hayo kwanza.

Bibi aliweka ungo chini, akakaa kwenye kona ya kochi ambayo haikuwa na mizigo. Msemo huo, akawaambia, ulizaliwa katika safari ya chumvi, na aliyeusema kwanza alikuwa mke mgeni asiyependa kusema. Kisha akawasimulia.

Zamani, kabla chumvi ya dukani haijafika Usukuma, watu waliifuata chumvi kwa miguu. Walivuka mbuga wakielekea mashariki mpaka kwenye ziwa ambalo hukauka kiangazi na kuacha ukoko mweupe. Waliukwangua ukoko huo, wakaujaza kwenye makanda ya ukindu, wakarudi nao vichwani. 

Alikuwako kijana mmoja aitwaye Jilala, aliyekuwa ameoa msimu uliopita na hajaenda safari hata moja ya chumvi. Huko ukweni kwake kulikuwa na desturi: mkwe ambaye hajaleta chumvi aliyoikwangua kwa mkono wake hupikiwa mboga isiyo na chumvi. Hatukanwi, hanyimwi nyama, na kigoda hupewa kizuri. Ila mboga yake hupikwa pembeni, kwenye chungu chake. Jilala alikuwa ameshaula mlenda wa chungu hicho mara kadhaa, akimshukuru mama mkwe, huku shemeji zake wadogo wakimkazia macho waone kama atakunja uso. Hakukunja. Lakini kila alipotoka huko aliwaza jambo moja tu, kwamba kiangazi kijacho atarudi kwenye ua ule na kanda kichwani.

Mkewe, Nyanzobe, alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake kiangazi kile ilikuwa kukausha viazi vitamu juu ya jabali lililokuwa nyuma ya nyumba, na alivikausha kwa namna mbili. Vingine alivimenya na kuvikata vikiwa vibichi, akavianika mpaka vikawa vyeupe na vyepesi kama maganda. Hiyo ndiyo michembe. Vingine alivichemsha kwanza, ndipo akavikata na kuvianika. Hivyo hukawia kukauka, vikawa na rangi ya asali, vigumu, vizito kidogo, na mtu huweza kuvitafuna vilivyo. Hayo ni matobolwa.

Kila asubuhi Jilala alipotoa ng'ombe zizini alipita chini ya jabali hilo. Nyanzobe, huko juu, alikuwa akigeuza vipande vyake. Bila kusema neno alimrushia tobolwa moja, Jilala akalidaka, akaenda akilitafuna mpaka malishoni. Ndiyo ilikuwa salamu yao, na haikuwahi kukosa.

Asubuhi moja Jilala alikuwa ameshainua mkono kudaka, pembe ikalia. Tobolwa likampita, likaanguka kwenye kwato za ng'ombe.

Ilikuwa pembe ya Luhende, kiongozi wa safari ya chumvi. Watu walitarajia kuisikia mwezi mwingine. Lakini Luhende alikuwa amepata habari kwamba watu wa nchi ya jirani wameanza kufunga mizigo, na ziwani, anayetangulia hukuta ukoko safi. Anayechelewa hukwangua tope. Safari ikawa kesho yake.

"Matobolwa hayajakauka," Nyanzobe alisema kutoka juu ya jabali.

"Na michembe?"

"Michembe imekauka."

"Basi nifungie vyote," Jilala akasema, akawageuza ng'ombe kurudi zizini.

Tangu pembe ilipolia, kijiji kizima kilishika mwiko. Hakuna aliyeruhusiwa kutamka neno kiu, wala kuuliza habari za visima, mpaka wasafiri warudi. Waliamini njia ina masikio, na ikisikia unachokiogopa itakupa hicho hicho. Akina mama waliwaambia watoto wanaolilia maji, "Kunywa, nyamaza," na hawakutaja kwa nini.

Alfajiri wanaume walikusanyika uani kwa Luhende. Luhende alikuwa mtu mwembamba, wa sauti ya taratibu, na kabla ya kila safari alikuwa na kipimo chake. Alipita kwa kila mtu, akapenyeza kidole kimoja kwenye kamba ya mkoba wa chakula, akaunyanyua. Uliokubali kunyanyuka, mwenyewe alisogea upande wa pili. Uliokataa, ulipunguzwa pale pale.

"Chakula kizito hula chumvi," alizoea kusema. Alimaanisha kwamba mtu aliyechoshwa na chakula njiani hatabeba kanda lililojaa wakati wa kurudi. Watu walikuwa wamemwamini kwa miaka mingi, na wake zao walijisifu kwa wepesi wa mikoba waliyofunga.

Alipofika kwa Jilala, kidole kilinyooka lakini mkoba haukutoka chini.

"Ni nini hiki, Jilala? Umefunga jiwe la kusagia?"

"Mwache, baba," akasema Mihayo, rafiki yake Jilala, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala. "Ameoa juzi tu. Amemtia mke humo ndani aende naye."

Watu wakacheka, na wanawake nao wakacheka wakiwa wameziba midomo. Jilala aliufungua mkoba. Nusu ilikuwa matobolwa. Luhende alichukua moja, akaliminya.

"Na bado mabichi katikati. Yataota kuvu kabla hatujaivuka mbuga. Mwaga haya, weka michembe."

Jilala aliyamwaga kwenye ungo wa mkewe. Nyanzobe akajaza michembe mahali pake, na alipokuwa akifunga kamba alisema kwa sauti ya chini, akiutazama mkoba na si mumewe:

"Hiyo inataka chungu."

"Chungu kipo," Jilala akajibu haraka, kwa kuwa watu walikuwa wakisubiri. "Mihayo anacho."

Nyanzobe alifungua mdomo tena. Akawatazama watu, akamtazama Luhende, akaufunga. Kisha akasema kwamba ngata ya mumewe, ya kuwekea mzigo kichwani, imelegea, akaomba aisuke upya. Alikwenda nyumbani na ungo wake. Aliporudi alikuwa na ngata nene ya nyasi, iliyofungwa kwa kamba za magome, akamvika mwenyewe kichwani. Luhende aliunyanyua mkoba mara ya pili. Ulining'inia kwenye kidole ukicheza kama ndege aliyefungwa mguu, na wanaume wakaguna kwa kuridhika.

Siku za mwanzo zilikuwa nyepesi kama mikoba. Vijito vilikuwa bado na maji. Jioni Mihayo aliteleka chungu, akatia konzi chache za michembe, na ilipoiva ilikuwa imefura mpaka kwenye mdomo wa chungu.

"Mnaona?" Luhende alisema akijipakulia. "Kichwani kidogo, chunguni kingi."

Hakuna aliyejiuliza ni nini kilichokijaza chungu kile.

Jilala hakuwa na shida ila moja. Ngata ilikuwa ngumu. Ilimwuma utosini, na kila alipoigeuza ilimwuma upande mwingine.

"Ngata gani hiyo, ndugu yangu?" Mihayo akamwambia. "Imekaa kama kigoda. Siku ukichoka uivue uikalie."

"Nyanzobe hajui kusuka ngata," Jilala alisema. Akaona vibaya kulisema, maana mkewe hakuwapo kujitetea. Akaendelea kuumia.

Walifika kwenye kisima cha mwisho. Hicho kilikuwa karibu na kijiji cha ukweni kwake, lakini Jilala hakukanyaga huko. Mkwe aliye njiani kufuata chumvi hapiti ukweni mikono mitupu. Walizoea kukuta maji yakiwa karibu, ya kuchota kwa kuinama. Safari hii waliona giza chini, na kamba yao ilipofika mwisho walilazimika kuiunga. Kilichopanda juu kilikuwa rangi ya udongo, kidogo kidogo. Walikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua lilipoinama, na vibuyu havikujaa.

Luhende alisimama akikitazama kisima. Ilionekana kama atasema kitu. Lakini neno lenyewe lilikuwa la mwiko, naye ndiye mlinzi wa mwiko. Kila mtu aliona, kila mtu akafunga kibuyu chake, wakaondoka.

Siku iliyofuata, kwenye mgunga mmoja uliopinda kando ya kichuguu, Jilala alishindwa kuivumilia ngata. Aliivua, akaitundika kwenye tawi, akajisukia nyingine ya nyasi laini. Kichwa kikapoa. Aligeuka nyuma mara moja kuitazama, ikining'inia pale mtini, kisha akawafuata wenzake.

Ziwa liliwapokea vizuri. Walikuwa wametangulia, na ukoko ulikuwa mweupe na mkavu mpaka macho yaliuma. Jilala alikwangua mpaka vidole vikachubuka. Alijaza kanda lake, akalishona mdomo, akalipiga kofi kama mtu anavyompiga kofi ng'ombe wake. Akilini mwake alimwona mama mkwe akilipokea. Aliona kile chungu cha pembeni kikivunjwa.

Jioni Mihayo aliwasha moto. Akasimama, chungu mkono huu, kibuyu mkono huu.

"Baba," akamwambia Luhende, "nipike au ninywe?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Mihayo hakuwa akitania.

Walijaribu maji machache ya ziwa yaliyobaki katikati ya ukoko. Michembe ikafura vizuri kama kawaida, lakini ilikuwa michungu, na waliokula waliitapika, wakapoteza na yale maji machache waliyokuwa nayo mwilini. Wengine walijaribu kuitafuna mikavu. Iligeuka unga mdomoni, ikanywa mate yote, ulimi ukawa kama kipande cha ubao. Wakakaa kuzunguka moto. Kila mmoja alikuwa na mkoba uliojaa chakula, na kila mmoja alikuwa na njaa.

Kesho yake walianza kurudi. Jua lilipopanda Luhende aliwaambia wapunguze chumvi nusu. Lilipofika utosini aliwaambia waimwage yote. Aliianza ya kwake ili mtu asibishane. Jilala alikuwa wa mwisho. Alikata ule mshono alioushona mwenyewe, akainamisha kanda, chumvi ikatoka ikilia kama mvua ndogo. Alikunja kanda tupu akalitia kwapani. Hakuwa na sababu ya kulibeba. Hakutaka tu kuliacha.

Walipoufikia ule mgunga uliopinda, Mihayo alikaa chini bila kuambiwa.

"Ninyi tangulieni," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Mkifika mwambieni mama nimeoa huku."

Jilala alimburuta kivulini. Alipoinua macho kutafuta tawi la kujishikia, akaiona ngata yake. Kindi walikuwa wameitafuna upande mmoja, nyasi zimening'inia, na katikati ya nyasi kilionekana kitu cha rangi ya asali.

Aliishusha, akaipasua. Ndani yake yalikuwa matobolwa, yamepangwa moja baada ya jingine, yamezungushwa mpaka yamekutana. Yale yaliyokuwa mabichi uani kwa Luhende yalikuwa yamemalizia kukaukia juu ya kichwa chake na juu ya mti, yakawa magumu kama pembe. Kindi walikuwa wamekula kiasi. Mengi yalibaki.

Alitia moja mdomoni, kwa mazoea ya asubuhi zile. Kwanza halikuwa na kitu. Kisha utamu ukaanza kutoka, na utamu ukayaita mate. Alitia jingine mdomoni mwa Mihayo, akamgawia kila mtu. Luhende alipokea la kwake kwa mikono miwili, kama anayepokea kwa mkubwa wake. Hayakuwa maji. Lakini yalitosha kumnyanyua mtu na kumfikisha mahali penye maji.

Mihayo alilimumunya la kwake muda mrefu macho yakiwa yamefumbwa.

"Kumbe mkeo anajua kusuka ngata," akasema.

Hivyo Jilala alifika ukweni kwake mikono mitupu, amewashika wenzake mabega. Mama mkwe aliwalaza kivulini. Aliwanywesha kwa kata, funda moja moja, akiwanyang'anya kata kila walipotaka kunywa kwa pupa. Walipoweza kuketi akawapikia. Mboga ya wageni ilikuja kwenye chungu kimoja. Ya Jilala ilipikwa pembeni, nayo haikuwa na chumvi.

Baada ya chakula mama mkwe alisema, "Nashangaa mlikwenda na michembe. Nyanzobe alikuwa hapa mwezi uliopita. Tuliteka naye pale kisimani, kamba ikawa fupi, tukaiunga kwa mshipi wake. Hakuwaambia?"

"Alisema michembe inataka chungu," Jilala akajibu.

Mama mkwe alimtazama.

"Basi aliwaambia, baba," akasema. "Ila aliwaambia kama anayemwambia mpishi."

Nyumbani alimkuta Nyanzobe juu ya jabali. Hakuwa na kitu cha kuanika. Alikuwa amekaa tu, akitazama upande wa mbuga. Jilala alipanda, akakaa karibu naye, akaliweka kanda tupu kati yao.

"Maneno yako nayo ni makavu, mke wangu," alisema. "Mimi sikuwa na maji ya kuyapikia."

"Nilidhani ngata ikikuuma utaifungua."

"Niliitundika mtini."

Mikono ya Nyanzobe, iliyokuwa ikilikunjua lile kanda, ilisimama. Jilala aliona mkewe akiifuata safari yote kichwani mwake, kutoka ule mti mpaka ziwani, akijua sasa jinsi mumewe alivyokwenda bila kitu. Nyanzobe alilia kidogo, bila sauti. Jilala hakumwambia anyamaze.

"Kiangazi kingine nitasema," Nyanzobe akasema.

"Utaniambia mimi?"

"Nitasema mbele yao."

Jilala alidhani ni maneno ya siku ile tu.

Kiangazi kingine kikaja, na pembe ikalia kwa wakati wake. Desturi haifi kwa safari moja. Watu walikuwa wamekwisha kujiambia kwamba mwaka ule ulikuwa mbaya, kwamba sasa mvua zilikuwa nzuri, kwamba njia iliudhiwa na kitu. Alfajiri walikusanyika uani kwa Luhende, na Luhende, ingawa aliupita mkoba wa Jilala bila kuugusa, aliendelea kupita kwa wengine na kidole chake. Alifika kwa kijana aliyekuwa akienda kwa mara ya kwanza. Mkoba wa kijana ulinyanyuka na kuchezacheza kwenye kidole, umejaa michembe. Mama yake alitabasamu, na wanaume wakaguna kama zamani.

Nyanzobe akatoka upande wa wanawake. Alikuwa amebeba kibuyu kikubwa cha nyumbani, kimejaa maji mpaka shingoni. Aliutoa mkoba kwenye kidole cha Luhende, akaufunga pamoja na kibuyu kwa kamba moja, akavitua vyote miguuni pa Luhende.

"Nyanyua sasa, baba," akasema.

Luhende aliingiza kidole kwenye kamba. Kidole kikanyooka. Akaongeza cha pili, kisha kiganja chote. Akaachia.

"Unamaanisha nini, binti yangu?" Luhende aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyetamani kuulizwa swali hilo yeye mwenyewe, siku ile aliposimama kisimani.

Nyanzobe alimtazama mumewe, kisha akautazama mkoba.

"Mwaka jana nilisema michembe inataka chungu. Sikumaanisha chungu. Nilimaanisha kwamba kisima kinakauka nami nimekiona, kwamba mtashikwa na kiu, na kwamba nilitaka mume wangu arudi hata kama ni bila chumvi. Michembe hupimwa na maji yake."